Watu wa Misheni

Ukiwauliza wazee wa familia yetu asili yetu ni wapi, watakujibu kwa maneno matatu: "Watu wa Misheni." Ukiuliza misheni ipi, watakutazama kama mtu aliyeuliza jua lipi. Misheni ni Ushirombo. Kwamba Ushirombo leo ni mji wenye stendi, soko na makao makuu ya Wilaya ya Bukombe, na kwamba wengi wa wakazi wake hawajawahi kujiita watu wa misheni yoyote, hilo halijawahi kuwasumbua.

Mimi nimezaliwa Nyasubi, Kahama, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, mahali ambapo pumba huingia hadi kwenye chai. Hapa kila mtu ametoka mahali. Kuna waliofuata dhahabu ya Bulyanhulu, kuna waliofuata ya Buzwagi, kuna waliofuata mchele, na kuna madereva wa malori ya Rwanda na Burundi walioegesha usiku mmoja wakajikuta wamejenga. Fundi cherehani wetu ni Muha, mwenye duka la vifaa vya ujenzi ni Mkinga, jirani wa kulia ni Mnyamwezi wa Ushetu na wa kushoto ni Msukuma wa Maswa. Desemba ikifika kila mmoja anafunga mlango na kwenda "kwetu." Sisi tulikuwa tunapanda basi, tunapita Masumbwe, tunashuka Ushirombo, na safari yetu inaishia kwenye kanisa. Wengine wanaenda kwenye mji wa babu, sisi tunaenda parokiani. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni kwa sababu tu ya uchaji wa bibi.

Misheni ya Ushirombo ilianzishwa mwaka 1891 na Wamisionari wa Afrika, ambao wazee wetu bado wanawaita Mapadri Weupe kwa sababu ya kanzu zao nyeupe na rozari waliyoivaa shingoni. Shirika lao lilianzishwa Algiers mwaka 1868 na Charles Lavigerie, askofu mkuu wa huko. Msafara wao wa kwanza kuja huku uliondoka Bagamoyo mwaka 1878. Walio wengi katika misafara ya mwanzo walikuwa Wafaransa, nao kila walipojenga waliweka jina. Ushirombo haikuwa Ushirombo tu kwenye barua zao, ilikuwa Notre-Dame Auxiliatrice, yaani Bikira Maria Msaidizi. Bukumbi, kusini mwa Mwanza, kituo walichokifungua mwaka 1883, kiliitwa Notre-Dame de Kamoga. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Kapteni Léopold Joubert, askari wa zamani wa Papa aliyekuja kuzilinda misheni kwa bunduki, aliishi katika kijiji kilichoitwa Saint-Louis de Mrumbi.

Majina haya nilikutana nayo chuoni, katika kitabu cha historia ambacho mwalimu alitutaka tusome sura moja tu. Nikasoma na nyingine. Kilichonivutia kwanza ni hicho kineno kidogo cha katikati, *de*. Notre-Dame *wa* Kamoga. Saint-Louis *wa* Mrumbi. Mtakatifu anatangulia, mahali panafuata nyuma kama mtoto anayeshika kanga ya mama yake. Nikataka kujua kama ilikuwa mbinu ya kutunyang'anya ardhi kwa sarufi. Jibu nililolipata ni kwamba hawakuwa wamebuni kitu kwa ajili yetu, walikuwa wanafanya walivyozoea kwao.

Joubert alizaliwa mwaka 1842 katika kijiji kinachoitwa Saint-Herblon, magharibi mwa Ufaransa. Lavigerie mwenyewe alizaliwa mwaka 1825 huko Saint-Esprit, kandokando ya Bayonne, na Saint-Esprit maana yake ni Roho Mtakatifu. Fikiria mtu akikuuliza umezaliwa wapi unamjibu, "Roho Mtakatifu." Ufaransa ina maelfu ya vijiji vinavyoanza na Saint au Sainte. Kwa karne nyingi mkulima wa huko hakuwa raia wa wilaya wala kata, alikuwa mtu wa parokia. Padri ndiye aliyeandika kuzaliwa kwake, ndoa yake na maziko yake. Mashamba yaliishia pale kengele ilipokoma kusikika. Jina la mtakatifu wa kanisa likawa jina la kijiji, na likiwa limefanana na la jirani wanaliongezea mkia wa mto, mlima au bwana mwenye ardhi ili barua zisipotee.

Kisha yakaja mapinduzi ya mwaka 1789, parokia zikageuzwa kuwa komyuni za serikali, na kati ya 1793 na 1794 wanamapinduzi wakaanza kuwafuta watakatifu kwenye ramani. Saint-Denis ikaitwa Franciade. Saint-Étienne, mji wa watengeneza bunduki, ukapewa jina la silaha. Haikuchukua muda watakatifu wakarudi. Nikisoma hayo nilimkumbuka mzee mmoja wa mtaani kwetu anayesimulia jinsi vijiji vya Shinyanga vilivyohamishwa wakati wa Operesheni Vijiji, miaka ya 1970, watu wakashushwa kwenye lori mahali penye nguzo na namba, na baada ya miaka michache kila mtu akawa anaita kila mahali kwa jina lake la zamani.

Wafaransa waliovuka bahari kwenda Kanada waliubeba mtindo huo huo. Jimbo la Quebec limejaa vijiji vya namna hiyo, na kimoja nakipenda kuliko vyote: Saint-Louis-du-Ha! Ha! Alama mbili za mshangao, kwenye kibao cha barabarani na kwenye karatasi za halmashauri. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba *haha* lilikuwa neno la zamani la Kifaransa la kizuizi cha ghafla njiani. Kwa hiyo ni Mtakatifu Ludoviko wa Njia Imekwisha. Huko mtakatifu alidumu, kwa sababu walowezi wa Kifaransa walikuja kwa wingi, wakazaliana, wakajaza kanisa kwa watoto wao wenyewe, na wenyeji waliokuwa na majina yao ya mito na misitu wakasukumwa pembeni.

Huku kwetu kilichodumu ni mkia. Kamoga waliijua waliokuwa wanaishi Kamoga, na Bukumbi imebaki Bukumbi. Notre-Dame Auxiliatrice ilibaki kwenye barua za maaskofu. Nadhani sababu kubwa ni nyepesi: padri alikuja kwenye nchi yenye ntemi, na nchi ya ntemi ilikuwa na jina kabla ya padri kuuliza njia. Alipaswa kuomba mahali pa kujenga, na mahali penyewe palitajwa kwa jina lake wakati wa kuomba. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, lakini ukija Kahama leo utakuta Halmashauri ya Ushetu na Halmashauri ya Msalala, zote zikiwa na majina ya nchi za watemi. Hata wachimbaji wakubwa wa dhahabu, wenye uwezo wa kuita shimo jina lolote walitakalo, wameacha Bulyanhulu iitwe Bulyanhulu.

Sababu nyingine ni bendera. Mapadri wale walikuwa Wafaransa, lakini baada ya 1890 nchi ilikuwa ya Mjerumani, na Mjerumani hakufurahia kuona Kifaransa kwenye ramani yake. Kashozi, kule Bukoba, ikaandikwa Marienberg. Kituo cha Ukerewe kikaitwa Neuwied, jina la mji wa Ujerumani. Ng'ambo ya Tanganyika Wabelgiji wakapata Baudouinville, kwa heshima ya mtoto wa ndugu wa mfalme wao, aliyefariki kijana mwaka 1891. Leo Kashozi ni Kashozi, na Baudouinville ni Moba. Jina likibadilishwa mara tatu na watu wasiolala hapo, anayelala hapo hana sababu ya kujifunza hata moja.

Nilikuwa na rafiki chuoni aliyefurahia sana hadithi hii. "Tuliwashinda bila kurusha mshale," alisema. Nami nilifurahi naye, nikaandika insha ya darasani yenye maneno makali kuhusu ukoloni wa majina, nikapata alama nzuri. Yote niliyoandika mle bado nayaamini. Kilichoongezeka ni siku ya mahari ya dada yangu.

Wakwe walikuwa Wasumbwa wa upande wa Masumbwe, watu wazima watano na mshenga wao. Baba alikaa na wajomba sebuleni, sisi wengine tukawa ukumbini tukisikiliza kupitia pazia, kama kawaida. Salamu zilichukua muda mrefu. Kisha mzee wao mkubwa, sauti yake ya taratibu, akauliza: "Shemeji, kabla hatujafika kwenye ng'ombe. Ninyi ni ukoo gani?"

"Sisi ni watu wa Misheni," baba akajibu, kama alivyofundishwa.

Kimya. Mzee akasema, bila ukali wowote, "Misheni si ukoo, shemeji."

Mwanamke mmoja wa upande wao, aliyekuwa nasi ukumbini, akamnong'oneza mwenzake kwa Kisumbwa. Shangazi yangu anakijua Kisumbwa vizuri. Alisimama akaingia jikoni, na nilipomfuata nilimkuta amegeukia ukuta. Alichosikia ni hiki: "Hawa ndio wale wa kununuliwa."

Ni kweli. Baba wa babu yangu alinunuliwa. Nyumbani hatukulisema hivyo, tulisema "alilelewa na mapadri." Alikuwa mtoto mdogo, miaka ile ya 1890, alipokombolewa pamoja na wengine na kuingizwa katika nyumba ya yatima ya Ushirombo. Nchi hii ilikuwa imepita kwenye vita mfululizo: Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, alikuwa amepigana huku na huku kudhibiti njia za misafara, na Watuta, tawi la Wangoni, walikuwa wameweka makazi Runzewe, si mbali na Ushirombo, wakivamia majirani. Mtoto akitekwa aliuzwa, na akiuzwa aliweza kuuzwa tena. Lavigerie mwaka 1888 alizunguka Paris, London na Brussels akihubiri dhidi ya biashara hiyo, na fedha za wafadhili zikaja kukomboa watoto. Mtoto alibadilishwa kwa bidhaa kama nguo, akapewa jina la mtakatifu, wakati mwingine jina lililochaguliwa na mfadhili huko Ulaya ambaye hangemwona kamwe. Akalelewa, akafundishwa kulima na kusali, na alipokuwa mkubwa akaozwa msichana aliyelelewa na Masista Weupe na kupewa kiwanja karibu na kanisa. Kijiji cha Kikristo kikaota kuzunguka kengele, kama kule Saint-Herblon.

Sijui kama nimsifu padri aliyemnunua au la, na naona watu wanaolijibu swali hilo haraka hawakununuliwa mtu kwao. Kulikuwa na hoja hata wakati ule kwamba kununua ili kukomboa bado ni kununua, na kwamba muuzaji hajali mnunuzi ana nia gani. Hoja hiyo ni sahihi. Lakini mimi ninaandika haya kwa sababu ununuzi ule ulifanyika.

Ninachokiona sasa, ambacho insha yangu ya chuoni haikuwa na nafasi nacho, ni kwamba Ushirombo ya miaka ile ilikuwa na watu wa aina mbili. Wasumbwa wenyeji walikuwa na ntemi, koo, makaburi na jina la nchi, nao hawakuhitaji Notre-Dame yeyote. Na walikuwepo watoto waliokuja bila chochote, wengine wakiwa wamesahau lugha ya mama. Kwa hao nchi ya ntemi ilikuwa ya wengine. Kiwanja chao kilikuwa cha misheni, harusi yao ya misheni, kaburi lao la misheni. Kama kuna mtu ambaye jina lile la Kifaransa lilikuwa jina la kwao, ni wao.

Na walilitunza, kwa namna yao. Bibi yangu, alipotaka kuapa kwamba anasema kweli, alisema, "Haki ya Notadamu!" Sisi wajukuu tulidhani ni kiapo cha damu. Tulikuwa tunakiogopa, kaka yangu aliwahi kukitumia kwenye mchezo wa gololi na wenzake wakakimbia. Ni nilipokuwa chuoni, na kitabu kile mbele yangu, nilipolisoma jina kwa sauti, Notre-Dame, kama Mfaransa anavyolitamka na kisha kama bibi angelitamka. Maaskofu walikuwa wameliacha, Wajerumani walikuwa wamelipitia juu, hakuna kibao chochote kilicholihifadhi. Lilikuwa limebaki kwenye kinywa cha mjane wa Kahama, akigombana na muuza dagaa.

Nilimwuliza alikolipata. Alisema ni la baba mkwe wake, mzee wa Misheni. Mzee huyo akishangaa alisema Notadamu, akijikwaa Notadamu, akimzika mtoto Notadamu.

Wako wengine wa namna yake ambao historia imewaandika. Huko Karema, kwenye pwani ya Tanganyika, katika boma ambalo Wabelgiji waliwaachia mapadri mwaka 1885, aliishi daktari Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utotoni, akauzwa, akakombolewa na Mapadri Weupe, wakamsomesha udaktari Malta. Alifika Karema mwaka 1889 na kutibu watu hapo hadi alipofariki mwaka 1956. Jina lake limejengwa kama Notre-Dame de Kamoga: mbele mtakatifu aliyepewa, nyuma neno alilokuja nalo kutoka nyumbani. Babu mkuu hakuwa na bahati hiyo. Jina lake la mwanzo halikuandikwa, au alikuwa mdogo mno kulitaja.

Lakini nirudi sebuleni. Mzee wa Masumbwe hakuwa ameuliza kwa dharau, na mnong'ono wa ukumbini yeye hakuusikia. Aliuliza kwa sababu watu wa ukoo mmoja hawaoani, na ukoo unatambulikana kwa mwiko wake, yaani mnyama au kitu ambacho wenye ukoo huo hawali. Kama ukoo wetu ungekuwa sawa na wao, ng'ombe wangerudi na mshenga wao. Akamweleza baba hivyo, kwa upole, kisha akauliza kwa njia nyingine: "Tuachane na jina. Kuna kitu hamli?"

Nilimsikia baba akianza kusema hakuna, akakatishwa na mjomba wake, mdogo wa babu, mzee asiyesikia vizuri ambaye tulidhani amesinzia.

"Pongo," alisema.

"Pongo?"

"Baba yangu hakula pongo. Mapadri waliwinda, wakagawa nyama, yeye akaondoka mezani. Walimwambia Mungu ameumba wanyama wote. Akasema ndiyo, na pongo simli. Na sisi tukakatazwa."

Baba alikuwa na miaka 60 na zaidi na hakuwahi kulisikia hilo. Hakuwa ameombwa kamwe kula pongo. Mzee wa Masumbwe alinyamaza kidogo, kisha akaanza kuhesabu kwa sauti: wenye mwiko wa pongo wako Uzinza, wako Karagwe, wako hadi Buganda. Sio Wasumbwa wa kwao. "Basi mtoto yule alifundishwa na mama yake kabla hajachukuliwa," akasema. "Mtoto wa kufundishwa mwiko ana kwao." Ndipo wakaanza kuzungumzia ng'ombe, na kwa ng'ombe hawakuwa na huruma hata kidogo.

Kaka yangu tangu siku ile ana nadharia. Upande wa magharibi, Biharamulo na Ngara, kuna Washubi, nchi ambayo Mwingereza Speke aliipita mwaka 1861 akaiandika Usui. Pongo yuko huko, anasema kaka, na sisi tumezaliwa wapi? Nya-subi. Tumerudi nyumbani bila kujua! Namwambia Kahama ina Nyasubi, Nyahanga, Nyandekwa na Nyihogo, na kwa hesabu yake tutakuwa na makabila manne kabla ya chakula cha jioni. Majina yanafanana bila undugu, kama watu. Hasikii. Amekwisha kulisimulia kwa wanawe kama historia, na wanawe watalisimulia vizuri kuliko yeye.

Mimi nimeandika kwenye daftari la nyumbani mambo matatu tu: Ushirombo, Notadamu, pongo. Nafasi ya jina la kwanza la babu mkuu nimeiacha wazi.

Dada amepiga simu wiki iliyopita kutoka Masumbwe. Mama mkwe wake ametangaza kwa nyumba nzima kwamba mke huyu halishwi pongo, na amewaonya hata majirani. Mama mkwe hajawahi kupika pongo maishani mwake. Dada hajawahi kumwona. Anasema wanamsubiri kwa hamu.